Ekari 60 za urithi na ndoto ya shule: tuanze na nini?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi Dar es Salaam karibu miaka 30. Marehemu baba ametuachia ekari 60 katika kijiji kimoja wilayani Mkalama, Singida. Mimi na wadogo zangu watatu, mmoja wao yuko Canada, tumekusanya shilingi milioni 400. Tunataka kujenga shule ya awali na msingi ya mchepuo wa Kiingereza, ya bweni, na pembeni yake tuweke nyumba za walimu, zahanati, maduka, shamba la alizeti na viwanja 80 vya kuuza kwa familia zitakazopenda kuishi karibu na shule. Mchoraji ametutengenezea ramani nzuri sana, eneo lote limezungushiwa uzio na kuna geti moja. Tunaogopa kukosea. Tuanze na nini?

Jibu: Dada, Mungu amrehemu mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ramani nimekaa nayo jioni nzima. Nikujibu kwa kifupi kwanza, halafu nieleze. Anzeni na mirathi, kisha maji, kisha nyumba nne za walimu. Madarasa yafuate machache, yaongezwe mwaka hadi mwaka watoto wanavyopanda. Bweni lisubiri. Viwanja 80 viwekeni kando kabisa. Na ule uzio wa kuzunguka ekari zote 60 ufuteni kwenye ramani kabla hamjamwonyesha mtu yeyote kijijini.

Nianze na huo uzio, maana ndio ulionikosesha usingizi.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye shule moja ya binafsi kanda ya kati, shule yenye majengo mazuri, ambayo mwenyewe alikuwa haelewi kwa nini kijiji kimemgeuka. Tulizunguka mpaka kwa miguu. Upande wa kusini tulimkuta mama mmoja amesimama mbele ya waya mpya wa seng'enge, ndoo kichwani. Mbele yake, ng'ambo ya waya, njia ilikuwa bado inaonekana wazi: mstari mweupe wa udongo uliopondwa na nyayo, unashuka moja kwa moja hadi kisimani. Aliishusha ndoo, akaitazama ile njia, akaipandisha tena, akageuka kufuata waya. Alikuwa anazunguka karibu nusu saa kwa safari iliyokuwa ya dakika kumi. Hakutusemesha zaidi ya kutusalimia. Mwenye shule alikuwa na hati, alikuwa na haki ya kisheria ya kila nguzo aliyoisimika. Lakini msimu uliofuata ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya shule mchana kweupe na hakuna jirani aliyepiga ukunga. Nguzo ziling'oka moja moja. Mafundi wa pale kijijini wakawa hawana nafasi kila walipoitwa.

Watoto wanahitaji kulindwa, hilo sibishani nalo. Zungusheni uzio kwenye madarasa, uwanja wa michezo na baadaye bweni: ekari 6 au 8 zinatosha. Sehemu iliyobaki iacheni na mipaka ya minyaa kama wazee wenu walivyofanya, na kila njia ya miguu inayokatiza shamba muichore kwenye ramani kabla ya jengo lolote. Nendeni mkaihesabu wenyewe, alfajiri, wakati watu wanakwenda kisimani, na jioni, mifugo inaporudi.

Sasa mirathi. Umeandika kwamba baba "ametuachia". Naomba uniambie ameiacha kwa njia ipi. Je, kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Amegawa na kurudisha hesabu mahakamani, au mlikaa kikao cha ukoo mkakubaliana kwa mdomo? Nimeona familia zilizopendana kwa dhati zikifikishana kortini siku madarasa yalipokamilika, kwa sababu ardhi ambayo haikuwa na thamani kwa mtu ghafla imekuwa na thamani kwa wote, pamoja na mtoto wa baba mdogo ambaye amelima ekari nne za upande wa mashariki miaka 15 bila kuulizwa. Kama kwenu yupo wa namna hiyo, mtafuteni mapema, mkae naye, mumalizane kwa maandishi mbele ya wazee na mwenyekiti wa kitongoji. Kwa mdogo wako wa Canada: kama ameshachukua uraia wa huko, jina lake lisiingie kwenye hati ya ardhi kabla hamjaonana na mwanasheria. Sheria yetu humzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hadhi maalumu ya diaspora ina masharti yake.

Mkishamaliza ya nyumbani, nendeni kijijini. Ardhi hii inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoisimamia, lakini mwenye kauli ya mwisho kwenye mambo makubwa ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea. Njia ya kwanza ni kupata hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa na kijiji chenyewe. Njia ya pili ni kuomba sehemu ya ardhi ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, yaani ile isiyo chini ya kijiji, ili mpate hati ya muda maalumu, na kwa eneo lisilozidi hekta 250, kama lenu la hekta 24, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Benki nyingi hupenda hii ya pili. Mimi nawashauri mpate ya kimila kwanza kwa ekari zote, kisha mzungumze na afisa ardhi wa wilaya kuhusu kuhamisha zile ekari za shule tu. Ardhi ikishahama hairudi kwa kijiji kirahisi, na watu wanalijua hilo. Mkiomba kidogo, mtaaminiwa zaidi.

Muulize pia mtendaji wa kijiji kama pana mpango wa matumizi bora ya ardhi. Ukiwapo, utakuta maeneo ya malisho, makazi na huduma yameshatengwa, na huenda shamba lenu limepakana na mapito ya mifugo. Kama haupo, kuchangia gharama za kuuandaa ni moja ya zawadi bora mnazoweza kukipa kijiji, na utawalinda nyinyi kuliko waya wowote.

Kwenye huo mkutano msiende na ramani iliyokamilika. Nendeni na swali. Shule ya serikali iliyopo ina watoto wangapi? Walimu wangapi? Watoto wa darasa la kwanza wanatembea umbali gani? Kuna familia ngapi ambazo leo zinapeleka mtoto kusoma Singida mjini au Iguguno na kulipia? Hiyo namba ya mwisho ndiyo soko lenu halisi, na mara nyingi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa ukiwa Dar es Salaam.

Hapa naomba univumilie nirudi nyuma kidogo kwenye historia, kwa sababu nchi hii imejaribu jambo lenu zaidi ya mara moja. Baada ya Uhuru serikali ilianzisha skimu za makazi mapya zenye matrekta, nyumba na mameneja, na mwaka 1966 ikaamua kuachana nazo kwa kuwa zilikula fedha nyingi na wakazi walikaa wakisubiri kuletewa kila kitu. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu wakahamishwa wakae karibu na shule, zahanati na bomba. Shule zilijengwa kweli, lakini watu waliachishwa mashamba waliyoyajua na maji waliyoyategemea, na wengi walirudi kwenye mahame yao mkono wa serikali ulipolegea. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na Litowa, mkoani Ruvuma. Vijana wachache walianza kulima pamoja pale mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijiji vingine vikajiunga nao katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na shule ya Litowa ikakua kutokana na haja yao wenyewe: watoto wa vijiji hivyo walisoma, walilima, na wazazi walikuwa na sauti juu ya kile wanachofundishwa. Chama hicho kilivunjwa kwa amri ya kisiasa Septemba 1969, na shule ikabadilika. Lakini kwa miaka ile iliyoishi, ilionyesha mpangilio ambao skimu za serikali hazikuupata: watu walikuwa wameshaamua kukaa, ndipo shule ikaja. Nawaomba muuweke mpangilio huo mbele ya macho yenu kila mnapofungua ile ramani.

Twende kwenye maji, na hapa nitakaa.

Mkoa wa Singida una tatizo la madini ya floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi. Wewe ni muuguzi, huhitaji nikueleze meno ya kahawia; umeyaona. Kiwango kikizidi sana na mtoto akanywa maji hayo kwa miaka ya ukuaji wake, hata mifupa huathirika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vya ukanda wenu vipo vinavyozidi hapo kwa mbali. Kibaya ni kwamba maji yenye floraidi ni meupe, matamu, hayana harufu. Hakuna anayeyatilia shaka hadi watoto wa darasa la tatu wanapoanza kucheka wakiwa wamefunika midomo.

Kwa hiyo, kabla ya tofali la kwanza: mpimaji wa maji ya ardhini aje na vifaa vyake. Hakikisheni Bodi ya Maji ya Bonde mnalohusika nalo imetoa vibali vya kuchimba na kutumia maji, na ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani ina taarifa, maana yenyewe inajua visima vilivyochimbwa jirani na vimetoa nini. Kisima kikichimbwa, kipimwe uwezo kwa pampu kwa saa nyingi mfululizo mwishoni mwa kiangazi, yaani Oktoba au Novemba, siyo Aprili wakati ardhi imeshiba. Sampuli iende maabara. Na mkubaliane na mchimbaji kwa maandishi mtalipa nini shimo likitoka kavu, kwa sababu mara nyingi bado mtalipa.

Halafu kuna maji ya mvua, ambayo hayana floraidi, na ambayo tunayaacha yapotee ardhini kila mwaka. Tupige hesabu. Ukanda wenu hupata mvua ya takriban milimita 650 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Jengo la madarasa mawili na ofisi lina paa la kama mita za mraba 150. Paa hilo linapokea lita 97,500 kwa mwaka. Toa humo moja ya tano inayomwagika na kuosha paa, unabaki na lita 78,000. Watoto 75 wakinywa na kupikiwa kwa lita 3 kila mmoja kwa siku, kwa siku 194 za masomo, wanahitaji lita 43,650. Yaani paa moja linatosheleza maji salama ya kunywa na kupikia ya shule nzima ya kuanzia, na yanabaki. Kinachohitajika ni mifereji iliyofungwa vizuri na matangi yatakayovusha maji hayo kutoka Aprili hadi mvua za Desemba. Kisima kibaki cha kufulia, kuogea na bustani. Mwambieni mchoraji wenu aanze na paa na matangi, kisha ndipo apange vyumba chini yake.

Na bomba moja litoke nje ya uzio. Sisemi hivi kwa huruma tu. Kijiji kinachochota maji kwenye mradi wenu, kwa bei ndogo waliyokubaliana na inayolipa fundi wa pampu, kinalinda pampu hiyo usiku na mchana.

Sasa walimu. Hapa ndipo shule za vijijini hufia, na ramani yenu imewawekea walimu vyumba viwili viwili kwenye safu moja nyuma ya jiko.

Mwalimu kijana anayekuja Mkalama kutoka Mbeya au Moshi hajui mtu. Wiki ya kwanza ana bidii. Mwezi wa pili, Ijumaa saa tisa, utamwona kando ya barabara na begi dogo, anasubiri Noah ya kwenda mjini kwa sababu kwenye chumba chake hakuna umeme, hakuna mtandao, choo ni cha pamoja na wanafunzi. Jumatatu anachelewa. Ajira za serikali zikitangazwa anaomba, na akipata anaondoka hata kama ni Julai na mitihani iko mlangoni. Simlaumu. Kule ana uhakika wa mshahara na pensheni. Mnachoweza kumpa nyinyi ambacho serikali mara nyingi haimpi kijijini ni nyumba: vyumba viwili na sebule, jiko lake, choo chake, tangi la maji, umeme, na robo ekari nyuma ya kupanda mboga na kufuga kuku. Mwalimu aliyeoa au kuolewa, mwenye mtoto anayesoma bure kwenye shule hiyo hiyo na mwenzake ana duka dogo au shamba, haondoki kirahisi. Huyo ndiye mkazi wa kwanza wa kijiji chenu cha shule. Familia nne za namna hiyo zina uzito kuliko viwanja 80 vilivyouzwa kwa watu wa mjini watakaoviacha vichaka wakisubiri bei ipande.

Kuhusu hivyo viwanja, kuna na suala la sheria. Shamba lililo kwenye ardhi ya kijiji halikatwi vipande na kuuzwa kama viwanja kwa uamuzi wa familia. Matumizi yabadilishwe, mpango upitishwe na mamlaka ya upangaji, wapimaji waingie. Ni safari ya miaka. Na mkianza kuuza kabla shule haijajulikana, kijiji kitawaona kuwa madalali mliokuja kwa jina la elimu. Ikifika mwaka wa saba au wa nane na watu wenyewe wanaulizia, mtarudi kwenye jambo hili mkiwa na nguvu.

Bweni nalo lina la kwake. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2023 ulizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne bila kibali maalumu. Shule nyingi za vijijini zilikuwa zinaishi kwa ada ya watoto hao wadogo kutoka mijini, na zilitikisika. Kama mpango wenu wa fedha umejengwa juu ya bweni la watoto wa miaka sita, uandikeni upya. Mimi naukubali waraka huo hata ungefutwa kesho. Mtoto wa umri huo ni wa kulala kwa mama yake. Na siku mtakapojenga bweni la wakubwa, kumbukeni Kyerwa, Septemba 2020, watoto wasiopungua 10, na Nyeri nchini Kenya, Septemba 2024, watoto 21, wote walifia kwenye moto wa bweni usiku. Milango miwili mikubwa inayofunguka kwa nje, isiyofungwa kwa kufuli kutoka nje. Madirisha yasiyo na nondo. Vitanda visivyozidi uwezo wa chumba. Mlezi analala humo humo. Mkandarasi atawaambia nondo ni za usalama dhidi ya wezi. Mkatalieni.

Sasa fedha. Shule ya serikali pale kijijini haitozi ada. Kuanzia Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne imekuwa bila ada, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Mzazi atakayelipa kwenu ni mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa mazao, mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Sekenke, au mkulima mwenye ndugu mjini. Tuseme mmeanza na awali, darasa la kwanza na la pili, watoto 25 kila chumba, jumla 75. Ada laki 8 kwa mwaka. Kwenye karatasi ni milioni 60. Kata robo ambayo haitaingia kwa wakati, zimebaki milioni 45. Walimu watano kwa laki 6 kwa mwezi ni milioni 36 kwa mwaka, na mchango wenu wa NSSF wa asilimia 10 ni milioni 3.6. Mmebakiwa na milioni 5 na laki 4 za mpishi, mlinzi, unga, vitabu, umeme na matengenezo. Haitoshi. Mwaka wa kwanza na wa pili mtatoa mfukoni, na hilo si dalili ya kushindwa, ndivyo shule zinavyozaliwa. Kinachoua ni kutokulijua mapema. Wekeni milioni 80, mishahara ya miaka miwili, kwenye akaunti ambayo haiguswi na fundi yeyote.

Zinazobaki ni milioni 320. Mimi ningezigawa hivi: kama 60 za maji, 100 za nyumba nne za walimu, 90 za madarasa matatu na ofisi, 30 za vyoo na jiko, 15 za upimaji, hati na usajili, na 25 za dharura. Mkadiriaji majenzi atawarekebishia kulingana na bei ya saruji na mchanga wa kwenu. Kwa kulinganisha tu, mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa kwa milioni 20 kila moja; bei imepanda tangu hapo na nyinyi hamtanunua kwa wingi kama serikali. Vyoo msivibane: matundu yafuate kiwango cha tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25, na mnapofikia madarasa ya juu pawe na chumba cha faragha cha wasichana chenye maji.

Kuna jambo moja la ada ambalo watu wa mjini hawalioni. Muhula unaanza Januari. Januari, mkulima wa Singida ana jembe mkononi na ghala lake limekwisha. Alizeti atavuna kati ya Mei na Julai. Ukimdai ada nzima Januari, anauza mbuzi kwa bei ya kutupa au anamwondoa mtoto. Pangeni malipo yafuate mavuno: kidogo Januari, sehemu kubwa Julai na Agosti. Na mkiwa na mashine ndogo ya kukamua alizeti, mzazi anaweza kuleta magunia kwa bei ya siku, mkampa stakabadhi ya ada. Mafuta yanakwenda jikoni na sokoni, mashudu yanalisha ng'ombe wa maziwa, samadi inakwenda kwenye mtambo wa biogesi. Hiyo biogesi si pambo: taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimezuiwa kutumia kuni na mkaa tangu mwaka 2024, na nyinyi mtaifikia idadi hiyo upesi. Mashine hii ndiyo ningeiita duka la kwanza la mradi wenu, kabla ya maduka yale manane ya kwenye ramani.

Zahanati. Najua moyo wako uko hapo, dada. Uliza kwanza kijijini kama pana boma la zahanati ya serikali lililokwamia kwenye lenta. Vijijini mara nyingi lipo. Kama lipo, milioni chache za kuezeka na kujenga nyumba ya muuguzi zitaleta huduma haraka kuliko kujenga ya kwenu, kuisajili na kuilipia mishahara. Wewe mwenyewe ukae kwenye kamati yake. Uzoefu wako wa miaka 30 wodini ni mtaji mkubwa kuliko jengo.

Usajili upitie hatua zake: kibali cha kujenga, kisha kuthibitishwa mwenye shule na meneja, kisha usajili wa shule yenyewe kwa Kamishna wa Elimu, na wathibiti ubora wa shule watakuja kukagua kati ya hatua hizo. Waoneni wakiwa washauri, waiteni mapema wakati msingi bado haujamwagwa. Msipokee mtoto hata mmoja kabla ya namba ya usajili. Mtoto aliyesoma kwenye shule isiyosajiliwa ndiye anayeumia siku ya kuandikishwa mtihani wa taifa. Chombo cha kumiliki shule, iwe kampuni au wadhamini waliosajiliwa, kiundeni sasa, na kwenye bodi muwe na viti viwili vya wanakijiji ambavyo familia haiwezi kuviondoa.

Na mkipanga miaka kumi ijayo, angalieni mtaala mpya. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, hivyo Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Msikimbilie kujenga sekondari kwa ajili ya wimbi la mwaka mmoja. Lakini mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, ulioingizwa sekondari unawafaa sana watu wenye ekari 60: kilimo, ufundi magari, uchomeleaji, ushonaji, kukamua mafuta. Tengeni ekari 10 upande wenye njia ya gari na msizijenge kitu.

Sasa ni hivi. Mwezi huu kaa na wadogo zako mmalize ya mahakama. Nenda kijijini ukiwa na mzee mmoja anayeijua mipaka, mtembee yote kwa miguu, mkiandika njia na jina la kila anayelima ndani yake. Sampuli za maji zichukuliwe kwenye visima vitatu vya jirani hata kabla hamjachimba chenu. Gharama yake ni ndogo. Ukipata majibu ya floraidi, idadi ya familia zinazolipa ada mjini, na orodha ya hao wanaolima shambani kwenu, niandikie. Mchoraji mwambie apumzike mpaka hapo.